Kutulia kimya: msaada kwa mioyo iliyotengana na wapendwa wake



Vita vikipita katika kijiji, watu huhesabu hasara. Nyumba zilizochomwa zinahesabiwa, mbuzi na ng'ombe walioibiwa wanahesabiwa, mashamba ya maharagi yaliyoachwa bila kuvunwa yanahesabiwa. Lakini kuna hasara moja ambayo haiandikwi katika karatasi yoyote ya wagawa msaada. Ni ile ya mtoto aliyezoea kulala mgongoni mwa mama yake, na usiku mmoja watu wakakimbia, mama akaenda njia ya huku na mtoto akabebwa njia ya kule. Ni ile ya mzee aliyezikwa bila watoto wake, na ya bibi-arusi asiyejua kama bwana wake yuko hai. Kamba iliyowafunga watu hawa pamoja imekatika, na mahali ilipokatika pana kidonda.

Mwishoni mwa mwaka 2024, watu zaidi ya milioni 6 walikuwa wamehama makao yao ndani ya nchi yetu ya Kongo. Mwanzoni mwa mwaka 2025, kambi nyingi zilizokuwa zimeuzunguka mji wa Goma zilivunjwa, na familia zilizokuwa humo zikahama mara nyingine tena. Wengine walirudi vijijini, wengine wakaingia katika nyumba za jamaa, wengine wakalala katika makanisa na mashule. Kila safari ya namna hiyo inaweza kutenganisha watu.

Katika makala hii tunataka kueleza mambo matatu: kidonda hiki ni nini, zoezi la kutulia kimya linasaidia namna gani, na mipaka yake ni ipi.

KAMBA YA MOYO NI NINI?

Mtoto mchanga hawezi kujilinda. Hawezi kukimbia, hawezi kujilisha, wala hawezi kujituliza mwenyewe akishikwa na woga. Kwa hiyo Mungu na maumbile vimempa dawa moja: kumshikilia mtu mkubwa. Analia, mtu anakuja. Anaogopa, mtu anambeba. Jambo hili likirudiwa mara mia na mara elfu, mtoto anajifunza bila maneno kwamba: "Nikiita, kuna anayeitika." Hiyo ndiyo kamba ya moyo. Mtoto aliye nayo anaweza kwenda kucheza mbali kidogo, kwa sababu anajua ana mahali pa kurudia.

Baada ya Vita Vikuu vya Pili, Shirika la Afya Duniani lilimwomba daktari Mwingereza John Bowlby achunguze hali ya watoto waliobaki bila makao. Ripoti yake ilitoka mwaka 1951. Ilisema wazi kwamba mtoto anahitaji upendo wa mtu anayedumu naye, sawa vile mwili wake unavyohitaji chakula.

Wengine wanafikiri kwamba haya ni mambo ya Wazungu tu. Lakini moja ya kazi za kwanza kabisa za kuchunguza jambo hili nyumbani kwa watu ilifanyika jirani nasi, Uganda. Mwaka 1954 mwanasaikolojia Mary Ainsworth alifika Kampala. Alitembelea familia 26 katika vijiji vilivyo karibu na mji huo, akirudi tena na tena kwa muda wa miezi mingi, akiwatazama akina mama wa Kiganda na watoto wao. Kitabu chake kilitoka mwaka 1967. Aliona kwamba mtoto anayejibiwa vizuri anapolia anakuwa na ujasiri wa kutambaa na kuchungua vitu, halafu anarudi kwa mama yake kama mtu anayerudi nyumbani. Aliona pia kwamba mtoto anaweza kufungwa na watu zaidi ya mmoja: baba, bibi, dada mkubwa. Kwetu sisi hiyo ni habari njema. Kwa desturi zetu mtoto ni wa jamaa nzima, na kamba moja ikikatika, nyingine zinaweza kumshika.

KIDONDA KINAONEKANA NAMNA GANI?

Mwaka 1952, James Robertson, aliyefanya kazi pamoja na Bowlby, alionyesha filamu ya mtoto wa miaka 2 aliyelazwa hospitalini kwa siku 8, akiwaona wazazi wake kwa muda mfupi tu. Wawili hao walieleza hatua tatu anazopita mtoto aliyetengwa na wake. Kwanza anapinga: analia, anaita, anatazama mlango. Pili anakata tamaa: ananyamaza, hataki kula wala kucheza. Tatu anajitenga: anaonekana kama amezoea, anacheza na yeyote, lakini mama akija anageuza uso wake kama hamjui.

Hatua hiyo ya tatu inaumiza sana wazazi wetu. Mama amemtafuta mwana wake miezi mingi. Anamkuta, anakimbia kumkumbatia, na mtoto anamkimbia au anabaki kama mti. Majirani wanasema: "Amesahau mama yake," au vibaya zaidi: "Wamemroga." Ndugu zangu, mtoto huyo hakusahau. Aliita sana, hakuna aliyeitika, basi moyo wake ukafunga mlango ili usiumie mara ya pili. Mlango huo hufunguliwa polepole. Ukiusukuma kwa nguvu, kwa kelele au kwa fimbo, mtoto anauzuia zaidi.

Kwa watoto wengine kidonda kinaonekana kwa namna tofauti. Kuna anayemshika mlezi kitambaa hata chooni. Kuna anayemfuata mgeni yeyote anayempa biskuti. Kuna anayerudia kukojoa kitandani, na kuna anayepiga wenzake bila sababu.

Watu wazima nao wana kidonda hiki. Mtu anakataa kumpenda yeyote kwa kuogopa kumpoteza. Mwanamume anakasirika mke wake akichelewa sokoni, si kwa wivu, ila kwa sababu siku moja mtu alienda sokoni na hakurudi. Mama anamtunza mtoto vizuri, anamlisha, anamwosha, lakini macho yake yako mbali. Yuko naye kwa mikono tu.

KWA NINI KUTULIA KIMYA?

Hatari ikija, mwili unajitayarisha. Moyo unapiga mbio, pumzi inakuwa fupi, mabega yanakaza, masikio yanatafuta kila sauti. Mungu ameupa mwili akili hiyo ili tupone. Lakini kuna miili iliyobaki katika hali ya kukimbia hata baada ya miezi. Bati likipigwa na upepo, mtu anaruka. Mtoto akilia, mama anasikia kilio hicho kama hatari nyingine, naye anapiga kelele au anaganda.

Mtoto husoma mwili wa mlezi wake. Hajui siasa, hajui mipaka, wala hajui nani ameshika mji. Anachojua ni kama kifua anachoegemea kinapiga mbio au kimetulia. Kwa kuwa hawezi kujituliza mwenyewe, anaazima utulivu wa mtu mkubwa. Na mtu mkubwa hawezi kuazimisha kitu ambacho hana.

Hapo ndipo zoezi la kutulia kimya linapata kazi yake. Tukitoa pumzi polepole, kwa muda mrefu kuliko tulivyoivuta, mapigo ya moyo yanapungua. Tukirudisha mawazo mahali tulipo, akili inaacha kwa dakika chache kukimbia katika yale ya jana na ya kesho. Mtu anayefanya hivi kila siku anapata nafasi ndogo kati ya kuguswa na kujibu. Katika nafasi hiyo ndogo, mama anaweza kuchagua kumbeba mtoto badala ya kumpiga.

Basi tuelewane vizuri. Kidonda kilichotokea kati ya watu hupona kati ya watu. Kukaa kimya peke yako hakumrudishi mama wala hakumpi mtoto mlezi. Kunamtayarisha mtu mkubwa ili mtoto akiita, amkute yuko nyumbani moyoni mwake.

NAMNA YA KUFANYA

Zoezi hili linachukua dakika kama 10. Halihitaji pesa, kitabu wala nguo maalumu.

1. Chagua saa. Wengi wanapenda alfajiri kabla ya kwenda kuchota maji, au jioni watoto wakiisha kula. Kaa juu ya jiwe, bidoni au mkeka. Ukipata ukuta, uegemee, kwa maana wengi wetu tunatulia zaidi tukijua hakuna kitu nyuma yetu. Macho yabaki wazi, yakitazama chini. Hulazimishwi kuyafunga.

2. Kanyaga ardhi. Sikia nyayo zako zinavyogusa chini. Jiambie taratibu mahali ulipo na siku iliyopo: "Niko hapa. Leo ni Jumanne. Ninasikia jogoo. Ninasikia harufu ya makala." Usiruke hatua hii. Inauambia mwili kwamba usiku ule umepita.

3. Pumua. Vuta pumzi kwa pua ukihesabu hadi 3. Itoe kwa mdomo ukihesabu hadi 5, kama mtu anayepoza uji wa mtoto. Fanya mara 10. Ukisikia kizunguzungu, acha kuhesabu, pumua kama kawaida yako.

4. Acha mawazo yapite. Yatakuja: deni, njaa, sura ya mtu aliyekufa. Usiyafukuze na usiyafuate. Yatazame kama watu wanaopita barabarani wakati wewe umekaa kwenye baraza. Ukiona umeshaondoka pamoja nao, usijilaumu. Rudi kwenye pumzi. Kurudi huko ndiko zoezi lenyewe.

5. Weka mkono kifuani. Jiambie neno ambalo ungemwambia mtoto wa dada yako akilia: "Pole. Uchungu huu ni wa kweli. Niko pamoja nawe." Kama kuna mtu aliyekupenda ulipokuwa mdogo, bibi, shangazi au mwalimu, mkumbuke: sauti yake, mikono yake, namna alivyokuita. Tunaokumbuka kwamba tulipendwa tunapata mahali pa kuchotea upendo.

6. Mwite mtoto. Hii ndiyo hatua iliyo kubwa kuliko zote. Zoezi likiisha, usikimbilie kazi. Mwite mtoto kwa jina lake, mtazame usoni, kaa naye dakika 5. Msuke nywele, mwimbie wimbo wa kubembeleza wa kwenu, cheza mchezo anaoutaka yeye. Usimwulize maswali ya vita.

Mtoto mdogo asilazimishwe kukaa kimya. Utulivu wake hupita katika mchezo na katika mwili: kupuliza unyoya usianguke chini, kuvuma kama nyuki mkiwa mmeegemeana, kupiga ngoma polepole kama moyo unavyopiga. Kwa mtoto aliyejitenga, usimlazimishe kukumbatiwa. Kaa karibu naye kila siku saa ileile, mpe chakula kwa mkono wako, mwambie unapokwenda na saa utakayorudi, kisha urudi kweli. Ahadi ndogo inayotimizwa kila siku ni uzi mmoja wa kamba mpya.

MASWALI TUNAYOULIZWA

"Mwanangu, nitakaaje kimya na watoto hawajakula?" Mzee mmoja alituuliza hivyo mbele ya watu wote, na tulimjibu: Mzee, una haki. Njaa haitulizwi na pumzi. Chakula, maji na usalama vinatangulia, na hakuna mtu aruhusiwe kuwapa watu mazoezi badala ya msaada wanaostahili. Lakini hata katika siku ya njaa, mtoto anayekaa karibu na mtu aliyetulia anaumia kidogo kuliko mtoto aliye peke yake.

"Je, si dini ya kigeni?" Ni kweli kwamba mazoezi ya namna hii yanafanywa na watu wa dini za Asia tangu zamani. Lakini kukaa kimya si mali ya dini moja. Wakristo wana saa za sala ya kimya na rozari, Waislamu wana dhikri, na wazee wetu walijua kukaa bila maneno kando ya moto. Anayetaka kuunganisha pumzi zake na sala yake, afanye hivyo. Asiyetaka, apumue tu.

"Je, imepimwa?" Shirika la Afya Duniani limetengeneza mafunzo ya vikundi yenye vipindi 5, pamoja na kitabu chenye picha kilichotoka mwaka 2020. Yanafundisha watu kujikita mahali walipo, kulegeza mawazo yanayowanasa, kufuata yale wanayoyathamini, kujitendea wema na kuupa uchungu nafasi. Mafunzo hayo yalijaribiwa Uganda, katika kambi ya Rhino, kwa wanawake karibu 700 wakimbizi kutoka Sudan Kusini. Miezi 3 baadaye, waliofuata mafunzo walikuwa na dhiki ndogo kuliko wale ambao hawakuyafuata. Si muujiza, na hayakuondoa matata yote. Lakini yanaonyesha kwamba watu waliopitia vita kama sisi wanaweza kufaidika na mazoezi haya.

"Na kama wangu hajulikani alipo?" Usilazimishwe na mtu yeyote kusema amekufa, wala usijilazimishe kusema yu hai. Katika ukimya unaweza kusema: "Sijui, na ninampenda." Pamoja na hayo, endelea kutafuta. Msalaba Mwekundu una kazi ya kutafuta jamaa waliotengana na kuwaunganisha, na haulipishwi pesa. Anayekudai pesa kwa kazi hiyo anakudanganya.

TAHADHARI

Zoezi hili si la kila mtu wala si la kila siku. Kwa watu wengine, hasa waliobakwa, walioteswa au walioona mauaji, ukimya unaleta picha za siku ile kwa nguvu. Ikitokea hivyo, acha mara moja. Simama, tembea, nawa uso kwa maji baridi, taja vitu 5 unavyoviona, zungumza na mtu. Kwa mtu huyo kazi ya mikono pamoja na wenzake, kama kusuka, kulima au kuimba, inaweza kufaa zaidi.

Kama mtu anasema anataka kufa, anasikia sauti ambazo wengine hawazisikii, halali siku nyingi, au hawezi tena kumtunza mtoto wake, asiachwe peke yake na asiambiwe apumue. Apelekwe kwenye kituo cha afya au kwa mshauri wa kisaikolojia aliyefundishwa. Na aliyebakwa afike hospitalini kabla saa 72 hazijapita, maana dawa nyingine hazifai tena baada ya hapo. Zikiwa zimekwisha kupita, aende tu. Bado kuna matunzo.

NENO KWA VIONGOZI

Marais wa kambi, machifu, wachungaji, mashehe, walimu na akina mama viongozi: jambo hili linahusu amani, si afya tu. Kijana asiye na mtu anayemwita kwa jina ataitwa na mwingine. Vikundi vyenye silaha vinajua hivyo. Vinampa kijana jina jipya, kaka mkubwa na sahani ya chakula, halafu bunduki. Tangu mwaka 1996 tumewaona "kadogo" wengi waliochukuliwa katika njia hiyo. Mtoto mwenye kamba imara nyumbani hachukuliwi kwa urahisi, na akichukuliwa kwa nguvu, ana mahali pa kutamani kurudia.

Kwa hiyo tunawaomba mambo manne. Kwanza, mtoto aliyebaki peke yake akabidhiwe mlezi mmoja anayejulikana, asizungushwe kila wiki katika nyumba nyingine. Pili, mkipanga safari au ugawaji, msitenganishe ndugu wa tumbo moja. Tatu, tengenezeni kikundi cha walezi 8 au 10, wakutane mara moja kwa juma, watulie pamoja dakika 10, kisha wasikilizane bila kulaumiana na bila kutoboa siri. Nne, anzeni nafsini mwenu. Ugomvi ukitokea kwenye bomba la maji, kiongozi aliyevuta pumzi tatu kabla ya kusema ameshapunguza nusu ya moto.

Wazee wetu walisema: haba na haba hujaza kibaba. Kamba ya moyo haisukwi kwa siku moja. Inasukwa kwa uji uliotolewa saa ileile, kwa wimbo uleule, na kwa mkono uliorudi kama ulivyoahidi.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA KATIKA KIKUNDI

1. Ulipokuwa mdogo, ulimkimbilia nani ukiogopa? Alifanya nini ili utulie?
2. Katika eneo letu, kuna watoto gani ambao hakuna mtu anayewaita kwa jina? Nani kati yetu anaweza kuanza?
3. Ni desturi gani za kwetu za kutuliza mtoto ambazo vita vimetufanya tuziache? Tunaweza kuzirudisha namna gani?
4. Ni saa gani ya siku ambapo nyumba yako inaweza kupata dakika 10 za ukimya?